Maji ya kisima yakichafuliwa na kiwanda, ni nani wa kuyasafisha?

Kipindupindu kikizuka Nyalenda au Manyatta mjini Kisumu, kila mama anajua la kufanya hata kabla mhudumu wa afya hajabisha hodi: maji yachemshwe, au yatiwe Waterguard, dawa ya klorini. Kwa vijidudu, ushauri huo umeokoa maisha ya wengi. Kwa sumu za kiwandani kama arseniki, madini ya risasi au kromiamu, haufai kitu. Ukichemsha maji yenye arseniki, mvuke unaondoka na arseniki inabaki sufuriani, safari hii katika maji machache kuliko uliyoanza nayo. Klorini nayo haiiondoi. Sumu ya kiwandani ikishafika kisimani, familia haina dawa ya nyumbani. Kazi ya kusafisha hufanyika huko chini kwenye mwamba, kwa mitambo na wataalamu, na aghalabu huchukua miaka mingi. Nani wa kuilipia?

Sheria ya Kenya imelijibu swali hilo bila kumung'unya maneno: aliyechafua. Kwa hivyo siamini kwamba tatizo letu ni ukosefu wa sheria. Tatizo ni kwamba tumezoea kupigania fidia na kuyasahau maji yenyewe. Faini huingia katika hazina ya serikali, fidia huwafikia waathiriwa inavyostahili, na kisima kinabaki vilevile. Fidia na usafishaji ni madai mawili, yenye ushahidi tofauti na amri tofauti za korti, na yafaa yadaiwe yote mawili tangu siku ya kwanza.

Sumu inavyosafiri chini kwa chini

Nakuru ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu mji huu, uliopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, hutegemea sana maji ya chini ya ardhi. Visima virefu vya Kabatini, Baharini na kwingineko ndivyo vinavyojaza mabomba ya mitaa mingi. Ardhi yake ni ya volkano: majivu, mawe yenye matundu, na nyufa za Bonde la Ufa ambazo mvua kubwa ikinyesha hufunguka na kukata barabara. Ardhi ya namna hiyo hupitisha maji kwa urahisi, na kinachoyeyuka ndani ya maji hushuka nayo. Tena Ziwa Nakuru halina mto unaotoka ndani yake. Chemikali isiyooza ikiingia katika bonde hilo haina njia ya kwenda baharini.

Vyanzo vya hatari si siri. Yadi za kutibu milingoti ya stima, zinazopatikana katika ukanda wa misitu kuanzia Nakuru hadi Eldoret, hutumia krosoti, mafuta meusi yatokanayo na makaa ya mawe, au mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki ili mchwa wasiile. Viwanda vya ngozi hutumia chumvi za kromiamu. Karakana zinazovunja betri kuukuu hushughulika na risasi na asidi. Vituo vya mafuta vina matangi yaliyozikwa, na tangi la chuma lililokaa ardhini miaka mingi huota kutu upande usioonekana. Bomba la kitaifa la mafuta hupita Nakuru kuelekea Eldoret, na tawi lake hufika Kisumu. Simtuhumu yeyote kati ya hawa kwa kumtaja tu. Nasema hapa ndipo pa kuangalia kwanza.

Tone kwa tone, chemikali hushuka kwenye udongo hadi ikutane na tabaka la maji, kisha huanza kusafiri ikifuata mteremko wa maji yenyewe, ambao haulazimiki kufanana na mteremko wa barabara ya mtaani. Mwendo wake unaweza kuwa mita chache tu kwa mwaka, na kasi zaidi penye nyufa. Kisima kilicho mita 300 kutoka kiwandani huenda kikaanza kutoa maji mabaya miaka kumi au ishirini baada ya pipa kumwagika, wakati meneja wa enzi hizo amestaafu na madaftari ya kiwanda yameshatupwa. Sheria yetu ya ukomo wa muda inampa mwenye madai ya kawaida ya madhara miaka 3 ya kwenda kortini. Ukilinganisha miaka hiyo 3 na mwendo wa maji ardhini, unaona mara moja kwa nini wengi huishia kuambiwa wamechelewa.

Njia za kusafisha zipo. Udongo wenye sumu huchimbwa na kupelekwa kwenye jaa maalumu. Maji huvutwa kwa pampu, yakasafishwa juu na kurudishwa chini. Pengine huchimbwa handaki mbele ya mkondo wa sumu na kujazwa chembechembe za chuma, ili kromiamu ya aina ya hatari ikipita humo igeuke kuwa aina isiyosafiri kirahisi. Kwa mafuta ya petroli, bakteria waliomo udongoni wakipewa hewa hula sehemu kubwa. Hakuna hata moja iliyo ya haraka, kwa sababu sumu hung'ang'ania udongo kama mafuta ya taa yanavyong'ang'ania shuka: unasuuza, unadhani yametoka, kesho harufu imerudi. Ndiyo maana kipimo kimoja kizuri kilichochukuliwa pampu zikiwa zinafanya kazi hakithibitishi kwamba kazi imeisha. Pampu zizimwe, miezi ipite, maji yapimwe tena.

Ushahidi hautekwi kwa chupa ya soda

Nakuru kuna mtego ambao wakili wa kiwanda hatachelewa kuutumia. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi ya asili, itokayo kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Vipo visima huku vinavyopita kiwango hicho mbali sana, na meno ya kahawia ya watu waliokulia hapa ni ushahidi ambao hauhitaji maabara. Basi wakili atasimama na kusema: maji haya yalikuwa mabaya kabla kiwanda hakijajengwa. Kisumu mtego ni mwingine. Katika mitaa kama Manyatta visima vifupi na vyoo vya shimo vimebanana kwenye ploti moja, kwa hiyo wakili ataonyesha kidole chooni.

Majibu yapo, ila yatafutwe mapema. Kesi isiseme "maji mabaya". Itaje chemikali kwa jina. Vijidudu vya kinyesi vinatoka chooni. Krosoti haitoki huko. Floraidi ni ya mwamba, ilhali shaba, kromiamu na arseniki zikionekana pamoja, nyuma ya yadi ya kutibu milingoti, zinaeleza zilikotoka. Halafu pimeni visima vya pande zote mbili. Kisima kilicho juu ya kiwanda, kwa mteremko wa maji, kinaonyesha hali ya asili. Kilicho chini yake kinaonyesha kilichoongezwa. Ili kujua maji yanaelekea wapi, mtaalamu anahitaji kimo cha maji katika visima visivyopungua vitatu ambavyo havijapangana kwenye mstari mmoja. Kazi hiyo si ya gharama kubwa, na ndiyo inayogeuza malalamiko ya mtaa kuwa ramani.

Uchukuaji wa sampuli ndio hatua inayoangusha watu wengi, kwa hiyo nitaueleza kwa kirefu. Maji yaliyotuama ndani ya kisima hayawakilishi maji ya mwambani, kwa hiyo pampu huachwa ivute kwanza hadi joto na chumvi za maji zitulie. Chupa hutoka maabara, zikiwa zimeandaliwa. Ya kupima madini hutiwa asidi kidogo ili madini yasigande kwenye kuta zake. Ya kupima mafuta ni ya kioo, hujazwa pomoni hadi kusibaki hata kiputo cha hewa, kwa kuwa benzini hutoroka na hewa hiyo. Kila chupa huandikwa tarehe, saa, mahali na jina la aliyeichota, na zote huwekwa kwenye boksi lenye barafu. Kisha kuna karatasi ambayo kila anayepokea boksi hutia sahihi, kuanzia kisimani hadi mezani kwa mkemia. Karatasi hiyo ina uzito kortini kuliko hotuba ndefu. Maji yaliyobebwa kwa chupa ya soda na kukaa siku mbili kwenye buti la matatu yatatupwa nje hata kama yana sumu ya kuua ng'ombe.

Ushahidi mwingine tayari umelala ofisini. Hakuna kisima kirefu kinachopaswa kuchimbwa bila idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, ambayo ina ofisi za kanda Nakuru, Kisumu na Kakamega. Taarifa za uchimbaji zinaweza kuonyesha maji yalivyokuwa siku kisima kilipokamilika. Halmashauri ya mazingira, NEMA, nayo hupokea ripoti za ukaguzi wa mazingira kutoka viwandani. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi la mwananchi. Andikeni barua, igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ibaki kwenu. Jibu likikosekana, hata ukimya huo unaweza kuwekwa mbele ya jaji.

Mlango upi wa kugonga kwanza

Katiba ya 2010 ina silaha ambayo naona haijatumiwa vya kutosha. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 43 kinataja maji safi na salama. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini haki hiyo ikivunjwa au ikielekea kuvunjwa, na kinasema wazi kwamba mlalamishi halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Kwa maji ya chini ya ardhi, maneno hayo ni ya thamani kubwa. Maana yake hamhitaji kungoja mtoto augue. Mkondo wa sumu ukiwa umeonekana kwenye kisima cha kwanza, wenye visima vya mbele wanaweza kushtaki leo. Ombi la namna hii la kikatiba pia halifungwi na ile miaka 3, ingawa jaji anaweza kuwauliza kwa nini mmekawia.

Sheria ya mazingira ya 1999 inakwenda sambamba na Katiba. Inaitambua kanuni ya mchafuzi kulipa. Inaipa NEMA mamlaka ya kutoa amri ya kurejesha mazingira katika hali yake, na mkaidi akikataa, NEMA inaweza kuifanya kazi yenyewe na kumdai gharama. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo amri ya kuomba kwa maandishi kabla ya jambo lingine lolote.

Ugumu umekuwa kwenye mlango wa kuingilia, na mfano wake mkubwa ulitoka Kisumu. Mwaka 2018 wakazi wa Kibos walikwenda katika Korti ya Mazingira na Ardhi wakishtaki kampuni za sukari na pombe kali za huko, wakidai uchafuzi na kupinga jinsi leseni zilivyotolewa. Mwaka 2019 jaji akafuta leseni. Mwaka 2020 Korti ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo, ikisema malalamiko yalipaswa kuanzia katika kamati ya malalamiko ya mazingira na katika jopo la rufaa la mazingira. Mwaka huohuo Korti ya Juu nayo ikaona kwamba vyombo hivyo vilistahili kutangulia, na masuala ya kikatiba yawekwe kando yasubiri. Waliokuwa wamegonga mlango wakaambiwa waende mlango wa jirani. Sioni kosa la wakazi hapo. Sheria yenyewe ilikuwa imewatatiza hata mawakili.

Mwisho wa 2023, katika kesi ya Abidha Nicholus, Korti ya Juu ilipunguza utata huo. Ilisema kuwepo kwa njia nyingine ya malalamiko hakumfungii mtu moja kwa moja mlango wa Korti ya Mazingira na Ardhi anapodai haki yake ya kikatiba imevunjwa. Hata hivyo ningeshauri tahadhari: anayepinga leseni apeleke rufaa yake kwenye jopo ndani ya siku 60, na anayedai haki ya maji safi aende kortini kwa ombi la kikatiba. Kuyachanganya yote katika karatasi moja ndiko kulikowaponza wa Kibos.

"Hatukujua"

Huo ni utetezi wa zamani, na una kesi yake maarufu, inayohusu kiwanda cha ngozi na kisima. Katika kijiji cha Sawston, Uingereza, kiwanda kilikuwa kikimwaga sakafuni, kidogo kidogo, kiyeyusho cha kuondolea mafuta kwenye ngozi. Kikapenya ardhini na kufika kwenye kisima cha kampuni ya maji ya Cambridge, karibu kilomita 2 mbali. Kisima kikafungwa. Kampuni ya maji ilishindwa katika ngazi ya mwisho, kwa sababu mabwana wa House of Lords, iliyokuwa korti ya mwisho Uingereza enzi hizo, walisema kwamba kiwanda kisingeweza kutabiri, wakati ule wa kumwaga, kuwa madhara hayo yangetokea. Wakili wa Kenya anayetegemea kanuni za Kiingereza lazima aijue hukumu hiyo.

Naamini leo haimkingi mtu. Hakuna mwenye kiwanda hapa nchini anayeweza kuapa kwamba hakujua arseniki ni sumu au kwamba petroli hupenya ardhini, akiwa na leseni ya NEMA iliyotolewa baada ya ripoti iliyoandika hatari hizo ukurasa kwa ukurasa. Ripoti ya tathmini ambayo kiwanda kiliiandaa ili kipate leseni ndiyo inayothibitisha kwamba kilijua.

Waliolipwa, na ardhi iliyobaki

Kesi iliyowapa Wakenya moyo ni ya Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilisambaza madini ya risasi mtaani hadi yakaingia kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo, aliongoza mapambano. Mwaka 2020 korti iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3, na ikagawa lawama kati ya kiwanda, mwenye ardhi na mashirika ya serikali yaliyozembea. Baada ya rufaa, Korti ya Juu ilirudisha tuzo hiyo Desemba 2024. Sehemu ninayotaka msomaji aitazame ni nyingine. Jaji aliamuru pia udongo na maji yasafishwe ndani ya miezi 4, la sivyo zilipwe shilingi milioni 700 za kazi hiyo. Amri ya usafishaji ilitajwa kivyake, ikapewa muda, ikapewa na bei. Magazeti yaliandika bilioni 1.3, ile milioni 700 ikapita pembeni.

Thange, Kaunti ya Makueni, iko karibu zaidi na mada yetu. Mei 2015 bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi, lililokuwa likitumika tangu 1978, lilivuja na petroli ikaingia kwenye maji ya chini ya ardhi na mto ambao watu waliutegemea kwa kunywa na kumwagilia. Mwaka 2025 korti iliiamuru kampuni ya bomba kulipa zaidi ya shilingi bilioni 3. Ilichukua miaka 10, na katika miaka hiyo mkondo wa petroli haukusimama kusubiri wakili.

Kwa sababu hiyo, ombi linalopelekwa Korti ya Mazingira Nakuru, Kisumu au Kakamega lianze na amri za muda: maji safi yaletwe kwa lori kwa gharama ya mshtakiwa hadi kesi iishe, chanzo kizibwe, na visima vya uchunguzi vichimbwe mara moja. Kisha amri ya mwisho itaje chemikali zipi, zishuke hadi kiwango gani, katika visima vipi, kufikia tarehe ipi, na nani atapima. "Asafishe mazingira" ni maneno ambayo kampuni inaweza kuyatimiza kwa lori moja la kifusi. Pesa za kazi ziwekwe kwenye akaunti maalumu inayosimamiwa na korti, na kila miezi sita ripoti isomwe mbele ya jaji na nakala yake ibandikwe kwa chifu.

Kampuni ikifunga milango

Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilianza kazi miaka ya 1970, kikafungwa 2009, na mwekezaji mpya akakinunua 2016. Sidai lolote kuhusu maji ya chini ya hapo. Nakitaja kwa kuwa ndivyo viwanda vya magharibi mwa Kenya vinavyoishi: vinafunguliwa, vinafilisika, vinauzwa. Sumu ya mwenye kwanza ikigunduliwa enzi ya mwenye pili, nani alipe?

Marekani ililijibu swali hilo 1980, baada ya mkasa wa Love Canal, mtaa wa jimbo la New York uliojengwa penye jaa la chemikali za kiwanda, kwa sheria inayomshika aliyemwaga na pia mmiliki wa sasa wa ardhi, hata kwa makosa yaliyotendwa kabla ya sheria yenyewe. Kwetu, Owino Uhuru imefungua njia kwa kumgusa mwenye ardhi. Sheria ya 1999 pia iliunda mfuko wa kurejesha mazingira, kwa ajili ya pale ambapo mchafuzi hajulikani. Na iliweka dhamana: kiwanda chenye hatari kinaweza kutakiwa kuweka pesa mapema, zirudishwe kikionekana kina mwenendo mwema. Ila jinsi kifungu hicho kilivyoandikwa, muda wa kuzishika pesa hizo haupiti miezi 24. Kwa maji yanayotembea mita chache kwa mwaka, miezi 24 inaisha kabla sumu haijavuka hata ua wa kiwanda. Wabunge wetu wa Bonde la Ufa na Nyanza wakitaka kazi ya maana ya kufanya, waanze na kifungu hicho, dhamana ishikwe hadi miaka kadhaa baada ya kiwanda kufungwa.

Kabla hilo halijafanyika, kikao cha maoni ya umma kuhusu kiwanda kipya bado ni mahali pa kubanana. Wakazi wadai visima viwili au vitatu vya uchunguzi vichimbwe kwenye mpaka wa ploti kabla mtambo haujawashwa, maji yapimwe na matokeo yawekwe hadharani, na kauli hiyo iingizwe kwenye masharti ya leseni. Anayekuja na tathmini ya mazingira isiyo na kipimo hata kimoja cha maji ya chini ya ardhi aambiwe arudi akapime.